Lahaul na Spiti: kwa nini ipite miaka 52 ndipo apatikane mwanamke wa pili?

Mwanafunzi_wa_Siasa ameandika:

Wakuu habari zenu. Naomba kueleweshwa na yeyote anayelifahamu eneo hili.

Ninasoma kuhusu uwakilishi wa wanawake kwenye sehemu zilizo mbali na miji, na nimekwama kwenye wilaya moja ya India inayoitwa Lahaul na Spiti, katika jimbo la Himachal Pradesh, huko Himalaya mpakani na Tibet. Sensa ya 2011 ilihesabu watu 31,564 wilaya nzima, na eneo lake linazidi kilomita za mraba 13,000. Ni kama watu wawili tu kwa kila kilomita ya mraba. Wilaya yote ni kiti kimoja katika bunge la jimbo, na kiti hicho hugombewa na watu wa makabila yaliyoorodheshwa kikatiba peke yao.

Mwaka 1972 walimchagua mwanamke, Lata Thakur. Baada yake kimya, hadi Juni 2024 ambapo Anuradha Rana wa chama cha Congress alishinda uchaguzi mdogo kwa kura 9,414. Aliyemfuata, Ram Lal Markanda, alipata 7,454. Ukihesabu ni miaka 52 katikati.

Swali langu: nini kilichozuia? Vitabu ninavyosoma vinataja jiografia, yaani theluji, umbali na barabara kufungwa miezi mingi. Lakini mwanaume naye anapita kwenye theluji ileile. Na kampeni inafanywaje mahali kama pale? Kama kuna aliyewahi kufika nitashukuru sana.

---

NesiWaMilimani amejibu:

Mdogo wangu, swali lako limenigusa. Nilisomea unesi Shimla, makao makuu ya jimbo hilo, miaka minne, na hosteli nilikaa chumba kimoja na binti wa Lahaul. Septemba 2016 alinichukua kwao tukakaa wiki mbili. Ngoja nikusimulie nilichokiona kwa macho yangu kwanza.

Wakati ule handaki la barabara linalopita chini ya mlima lilikuwa halijafunguliwa. Tulitoka mji wa Manali saa tisa usiku ili tuvuke Rohtang kabla ya msongamano. Rohtang ni njia ya kuvuka mlima, mita 3,978 kutoka usawa wa bahari. Kichwa kinagonga, na ukisema maneno kumi mfululizo pumzi inakata. Tulipishana na malori ya njegere yaliyopanga foleni kuja upande tuliotoka, madereva wamejikunyata ndani ya mablanketi. Njegere na viazi vya mbegu ndiyo fedha ya mwaka mzima kule. Lori likikwama siku mbili, njegere zinaanza kupata joto ndani ya magunia, na ukipitisha mkono unausikia ule uvuguvugu.

Kwao ni kijiji cha bonde la Pattan, chini ya Tandi, pale mito ya Chandra na Bhaga inapokutana. Baba yake alishafariki. Mama yake nilimwita Mama, naye akawa ananiita binti yangu kwa lugha yao. Mvua kule ni haba, mashamba yanaishi kwa mifereji inayoleta maji ya theluji kutoka juu, na kila nyumba ina zamu yake. Zamu ya nyumba yao ilikuwa saa kumi alfajiri. Mama alitoka na tochi na jembe dogo, akafungua njia ya maji, akaifunga, akarudi kukamua ng'ombe. Sisi wawili tukiwa bado tumelala.

Siku ya nne alikuja karani wa ardhi wa serikali, wao wanamwita patwari, kuhakiki mpaka wa kipande kimoja kilicholeta mzozo na jirani. Aliyemtembeza ni Mama. Alimwonyesha jiwe moja baada ya jingine: hili aliliweka baba mkwe wangu, hili lilisukumwa na maporomoko ya theluji tukalirudisha, hapa mfereji wa zamani ulikuwa unakata kona. Karani akapima, akachuchumaa, akafungua daftari kubwa juu ya goti, akauliza jina. Mama akataja jina la mwanawe wa kiume. Huyo mwana alikuwa mjini Chandigarh na kazi ya benki, hajashika jembe miaka sita. Karani akaandika. Rafiki yangu alikuwa amesimama pembeni na kikombe cha chai alichomletea mgeni. Akanitazama, halafu akatazama chini.

Usiku ule ndipo aliponieleza. Kwa mila zao ardhi ya ukoo hurithiwa na watoto wa kiume. Mjane anaitunza na kula mazao yake, binti anaolewa. Upande wa Spiti utaratibu wa zamani ulikuwa mkali zaidi: mtoto wa kwanza wa kiume anachukua nyumba kubwa na mashamba yote, wazazi wanahamia nyumba ndogo, wadogo zake wa kiume wanapelekwa kwenye makao ya watawa wa Kibuddha. Binti mkubwa anachukua vito vya mama yake.

Sasa rudi kwenye swali lako. Mtu anakuwaje mgombea? Anaanza kwa kuitwa kwenye kikao cha maji, cha mpaka, cha bei ya njegere. Anayeitwa ni yule ambaye jina lake limo kwenye daftari. Baadaye kampeni inataka gari, mafuta, chakula cha watu wanaokufuata wiki tatu. Mwanaume anaweka shamba rehani. Mwanamke aweke nini? Mimi ndivyo ninavyoliona jambo hili, na nimelifikiria tangu siku ile ya karani.

Usidhani watoto wa kike hawapendwi kule. Sensa hiyohiyo ya 2011 ilikuta wasichana 1,033 kwa kila wavulana 1,000 chini ya miaka saba, wakati sehemu nyingi za kaskazini mwa India wasichana ni pungufu sana. Wanawapenda, wanawasomesha. Rafiki yangu alilipiwa ada ya unesi kwa viazi vya mama yake. Ardhi ndiyo mlango uliofungwa.

Kuhusu kampeni: tarehe 3 Oktoba 2020 lilifunguliwa handaki la Atal, kilomita 9.02 chini ya mlima, na Manali hadi Keylong, mji mkuu wa Lahaul, ikapungua kilomita 46. Hilo limeifungulia Lahaul dunia hata wakati wa baridi. Spiti bado ni habari nyingine. Kati ya Keylong na Kaza, mji mkuu wa Spiti, kuna kama kilomita 190 kupitia Kunzum, njia nyingine ya kuvuka mlima yenye zaidi ya mita 4,500, na Kunzum hufungwa kwa theluji karibu nusu mwaka. Ikifungwa, mwakilishi anayetaka kutoka upande mmoja wa eneo lake kwenda upande wa pili inabidi ashuke, azunguke kupitia Shimla na wilaya ya Kinnaur, ndipo apande tena Spiti. Safari ya siku mbili tatu, na ni ndani ya kiti kimoja. Uchaguzi wa 2024 ulikuwa tarehe 1 Juni, theluji inayeyuka, mashamba yanataka maji, watu wako kazini. Unawafuata shambani. Unaongea huku wanapalilia.

Na kura inamfuata mtu alipo. Kijiji cha Tashigang huko Spiti kina kituo cha kupigia kura kilicho juu kuliko vyote duniani, futi 15,256. Mwaka 2024 walikuwa na wapiga kura 62. Mashine inapandishwa hadi pale kwa ajili ya hao 62. Nikikumbuka hilo moyo wangu unajaa, nakwambia kweli.

Jambo la mwisho, ambalo ndilo jibu la "kwa nini sasa". Himachal imetenga nusu ya nafasi za mabaraza ya vijiji na wilaya kwa wanawake. Anuradha Rana hakushuka kutoka angani. Kabla ya kuingia bungeni alikuwa mwenyekiti wa baraza la wilaya ya Lahaul na Spiti. Pale mlango ulikuwa wazi, akaingia, watu wakamzoea akiongoza kikao.

---

Mizani_Sawa amejibu:

Dada Nesi, nimesoma yote na nimejifunza. Ila tusipitishe haraka hesabu za uchaguzi wenyewe.

Ule uchaguzi mdogo ulitokana na mgogoro. Februari 2024 wabunge sita wa Congress, akiwemo Ravi Thakur wa Lahaul na Spiti, walimpigia kura mgombea wa chama pinzani cha BJP katika uchaguzi wa baraza la juu la bunge la taifa. Wakavuliwa ubunge. Ravi Thakur akahamia BJP akapewa tiketi, na Markanda, aliyekuwa waziri wa BJP, akakasirika akagombea bila chama. Markanda 7,454, Thakur 3,049. Ukijumlisha ni 10,503, zaidi ya zile 9,414. Kwa maoni yangu mgawanyiko huo ulimsaidia sana Anuradha Rana.

Pia angalieni wanawake waliotangulia kuwakilisha milima hiyo. Ladakh, jirani yao wa kaskazini, ilimpeleka Parvati Devi bungeni Delhi mwaka 1977, na mpaka leo ndiye mwanamke pekee kutoka kiti hicho. Alikuwa malkia wa ukoo wa kifalme wa Stok. Kabla yake, 1952, kiti cha Mandi-Mahasu kilimpeleka Rajkumari Amrit Kaur, binti wa ukoo wa kifalme wa Kapurthala, ambaye tayari alikuwa waziri wa afya. Hawa walikuwa na majina makubwa nyuma yao. Kwa hiyo nauliza: mwanamke wa kawaida wa mlimani ana nafasi, au tunashangilia bahati ya mara moja?

---

Wakili_wa_Kijiji amejibu:

Naongeza upande wa sheria, kwa sababu alichokieleza Nesi kina mizizi kwenye maandishi.

India ina Sheria ya Mirathi ya Wahindu ya 1956, na marekebisho ya 2005 yalimpa binti haki sawa na mwana katika mali ya ukoo. Lakini kifungu cha 2(2) kinasema sheria hiyo haiyahusu makabila yaliyoorodheshwa mpaka Serikali Kuu itangaze vinginevyo kwenye gazeti la serikali. Tangazo halijatolewa, kwa hiyo mila ndiyo inayotawala. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Himachal ilielekeza mabinti wa maeneo ya makabila warithi kwa mujibu wa sheria ya 1956. Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ikayafuta maelekezo hayo, ikisema kifungu hakiruhusu.

Kwa hiyo mbunge wa Lahaul na Spiti, hata akitaka kwa moyo wote, hawezi kubadilisha hilo peke yake kule bunge la jimbo. Anaweza kusema, kushinikiza, kupitisha azimio. Kalamu iko Delhi.

Na kuhusu bahati ya mara moja, Mizani: Septemba 2023 India ilirekebisha Katiba, mara ya 106, ili theluthi moja ya viti vya bunge la taifa na mabunge ya majimbo igombewe na wanawake tu, vikiwemo viti vya makabila. Utekelezaji unasubiri sensa na kuchorwa upya kwa mipaka. Bunge la Himachal lina viti 68, vitatu ni vya makabila: Lahaul na Spiti, Kinnaur na Bharmour. Theluthi ya vitatu ni kimoja. Msichanganye hapa: ni kiti kinachopigiwa kura na wananchi wote, ila wagombea wote ni wanawake.

---

Nilifanya_Kazi_Nepal amejibu:

Kwa kifupi tu. Upande wa Nepal walianza chini kabisa. Tangu uchaguzi wa 2017 kila kamati ya kata lazima iwe na wajumbe wawili wanawake, mmoja wao wa jamii ya Dalit, tabaka lililobaguliwa kwa muda mrefu, na chama kikisimamisha wagombea wa meya na naibu, mmoja lazima awe mwanamke. Kilichotokea? Vyama viliweka wanaume umeya na wanawake unaibu. Nimekaa kwenye vikao vya wilaya za Karnali, magharibi mwa Nepal. Naibu ndiye msimamizi wa kamati ya usuluhishi, kwa hiyo mashauri ya ugomvi wa nyumbani yote yanamjia, siku nzima, na mkoba wa bajeti uko kwa mwenzake. Lakini nilimwona mmoja aliyeanza kwa kusoma hotuba huku karatasi inatetemeka, na baada ya miaka mitatu mhandisi wa barabara alikuwa anajiandaa usiku kucha kabla ya kukutana naye.

---

Mwanafunzi_wa_Siasa ameandika:

Nawashukuru wote, sikutegemea majibu ya namna hii. Dada Nesi, kuna mawili. Unamjibuje Mizani? Na yule mama na binti yake waliupokeaje ule ushindi?

---

NesiWaMilimani amejibu:

Mizani, kaka yangu, hesabu zako ni sahihi na sitazipinga. Kura ziligawanyika. Ila kabla ya hapo wanaume walishinda kiti kile uchaguzi baada ya uchaguzi, na sijaona mtu akikaa na karatasi kujumlisha kura za walioshindwa ili kupima kama mshindi anastahili. Na jiulize kwa nini chama kilipobaki na pengo ghafla kilimwona yeye. Alikuwepo tayari, kwenye kiti cha baraza la wilaya. Bila ile nusu ya nafasi, asingekuwepo mwanamke wa kuonekana.

Hoja yako ya majina makubwa naikubali, na kwangu inathibitisha kile nilichosema kuhusu ardhi. Parvati Devi alikuwa na kasri. Amrit Kaur alikuwa na ukoo, elimu ya Uingereza na miaka kadhaa akiwa katibu wa Gandhi. Kila mmoja alikuwa na kitu nyuma chenye jina lake. Huyu Amrit Kaur sisi manesi tunamheshimu kwa namna ya pekee. Ndiye aliyesimamia kuanzishwa kwa AIIMS, hospitali na chuo kikuu cha tiba cha Delhi, sheria yake ilipita 1956. Nyumba yake ya Shimla, Manorville, aliitoa kwa AIIMS iwe mahali pa kupumzikia wafanyakazi wake, wakiwemo manesi. Nilipita mbele yake mara nyingi nikienda mtaa wa Summer Hill. Yeye alikuwa na nyumba ya kutoa.

Mwanafunzi, kuhusu ule ushindi. Tarehe 4 Juni 2024 rafiki yangu alinitumia ujumbe wa sauti, anacheka na kulia. Yeye sasa ni nesi Keylong. Alinikumbusha kisa alichonisimulia hosteli, cha shangazi yake aliyeshikwa na uchungu mwezi wa Januari kabla ya handaki. Mtoto alikaa vibaya, Rohtang imefungwa, helikopta ikasubiri mawingu siku mbili. Shangazi alipona, mtoto hakupona. Wanaume wa kijiji walilisema jambo hilo kwenye kikao, kweli walilisema, likaandikwa mstari mmoja chini ya barabara na mbolea. Rafiki yangu aliniambia hivi: "Sasa angalau aliyeko kule juu, nikimwambia uchungu, simwelezi maana yake." Sijui bajeti itasemaje. Ila kwa miaka yangu wodini najua tofauti ya kumweleza mtu anayelijua jambo na asiyelijua.

Mama nilimuuliza kwa simu kama alipiga kura. Akaniambia alikwenda mapema baada ya zamu ya maji, akapakwa wino kwenye kidole, na ule wino ulikaa hadi viazi vilipopaliliwa mara ya pili. Alimpigia nani sikuuliza.

Shamba lingali kwa jina la mwanawe, na baada ya alichokieleza Wakili hapo juu mtaelewa kwa nini. Kaka mtu si mbaya. Mwaka jana alirudi likizo, akasema mbele ya mama yao kwamba kipande cha chini karibu na mfereji ni cha dada yake. Kwa mdomo tu, hakuna karatasi. Lahaul siku hizi matofaa yanakubali, baridi imepungua. Mtofaa unachukua miaka kadhaa kabla hujala tunda lake. Rafiki yangu amepanda 14 kwenye kipande hicho, na juzi amenitumia picha: kila mche umefungwa gunia la njegere kiunoni kwa ajili ya theluji.